Vilirudi Vizima

Cheti kipo hadi leo. Kimetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, juu ya kabati la mitihani, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, na kila mgeni akiingia lazima akisome: shule yetu iliongoza kwa kutunza vifaa vya mradi. Chini yake pameandikwa jina la mwalimu msimamizi, ambaye ni mimi. Nimeshaomba mara mbili kiondolewe. Mwalimu mkuu anadhani naona haya kusifiwa, akanijibu kwamba unyenyekevu nao una mipaka yake.

Si unyenyekevu. Ningekuwa na ujasiri ningekishusha mwenyewe nikakitia jikoni kuwashia moto.

Nafundisha hisabati katika kijiji cha ng'ambo ya mto Pangani, kwenye njia ya kwendea Mkwaja. Kwetu ni Nguvumali, mjini Tanga, na huko ndiko walikobaki mume wangu na wanangu tangu nilipopangiwa kazi huku. Nimezoea kuishi nyumba mbili. Wakati wa korona, shule zilipofungwa, nilikuwa na darasa la saba, na katika darasa hilo alikuwamo binti mmoja ambaye mpaka leo nikipita mlangoni kwao natazama upande wa pili.

Alikuwa akilelewa na bibi yake, mzee msuka mikeka. Mtoto mwembamba, mkimya, lakini ukikosea hesabu ubaoni unamwona kashaanza kukunja uso kabla hujafika mwisho wa mstari. Hakuwahi kunisahihisha mbele ya wenzake. Alikuwa akingoja kengele igongwe, anakuja taratibu, "Mwalimu, ile ya tatu sikuielewa vizuri," nami nikiitazama tena naona nimekosea mimi. Adabu ya namna ile sijaiona tena.

Yeye na bibi yake walikuwa na mapatano, na kijiji kizima kilikuwa kinayajua. Akifaulu darasa la saba, bibi atauza mikeka yote iliyomo ndani na mtoto atakwenda sekondari. Asipofaulu, atakaa na bibi wasuke. Mzee hakuwa mkatili. Alikuwa hana mwingine wa kumsaidia, na macho yalishaanza kufifia. Kwa hiyo siku redio ilipotangaza kwamba shule zimefungwa, watoto wengine waliruka wakipiga makofi, na huyu akabaki amekaa kwenye dawati lake. Akaniuliza, "Mwalimu, na mtihani nao umefungwa?"

Nikamwambia mtihani uko palepale. Akaondoka amekumbatia madaftari.

Haukupita muda mrefu likaja gari la mradi wa elimu. Tuliitwa Pangani, semina ya siku moja, tukakaa tumeachana viti viwili viwili na vitambaa usoni. Bwana wa mradi alikuwa mtu wa maneno matamu. Akasema mtoto hapaswi kupoteza hata siku moja ya masomo kwa sababu ya janga. Akatuonyesha vishikwambi, vipya, kioo kinang'aa, masomo yote ya darasa la saba yamo ndani na hayahitaji mtandao. Mtoto anafungua, mwalimu aliyerekodiwa anamweleza, anampa zoezi, anamsahihisha. Kila mtoto wa darasa la saba angepewa chake akae nacho nyumbani. Siku ya Jumamosi angekileta shule kuchajiwa kwenye sola.

Nilifurahi, kusema kweli. Nilimfikiria yule binti hapo hapo.

Kisha tukapewa fomu. Ilikuwa na kurasa kadhaa, na nyingi sizikumbuki. Nakumbuka sentensi moja: kifaa kikipotea au kikiharibika, mwalimu msimamizi atatoa maelezo kwa maandishi. Kwa asiye mtumishi hayo ni maneno tu. Sisi tunajua maana yake. Mwenzangu mmoja alitakiwa kutoa maelezo kwa maandishi kwa ajili ya redio ya shule iliyoibwa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amehamishiwa mahali ambapo hata mkewe hakutaka kumfuata. Furaha yangu yote ikaniishia pale kwenye kiti. Niliporudi na maboksi, sikuwaza tena watoto watajifunzaje. Niliwaza nitavirudishaje.

Ndipo nilipofanya nililolifanya, na sikulifanya kwa kutojua.

Mimi ni mtoto wa pwani. Najua mtu wa huku ukitaka kumfunga, humfungi kwa karatasi. Fomu ataitia kidole gumba aende zake. Lakini mwekee kitu amana, mbele ya mashahidi, umemaliza. Marehemu bibi yangu wa Nguvumali aliwekewa herini za dhahabu na jirani aliyekwenda kwao Lushoto kuuguza. Zikakaa miaka. Ilipofika harusi ya shangazi yangu, bibi aliingia ukumbini masikio matupu, na dhahabu iko nyumbani chini ya godoro. Watu wakamcheka. Yeye akasema amana haivaliwi hata kwa saa moja, kwa sababu ukifa nayo sikioni utamjibu nini Mola wako? Nimekulia kwenye maneno hayo.

Basi nikawaita walezi, si watoto. Watoto niliwaambia wabaki nyumbani, eti kwa ajili ya korona. Nikamwalika na mwalimu wa madrasa akae mbele. Yeye akasoma Fatiha, mimi nikasimama kwenye ubao wangu na kusema: "Hivi si vitu vya kuchezea. Hivi vina wenyewe. Leo nawakabidhi kama amana, mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi hawa. Siku ya kurudisha, kila mtu nimwone analeta kama alivyochukua." Wakaja mmoja mmoja, wakapokea kwa mikono miwili, wakisema bismillahi. Bibi wa yule binti naye akapokea chake. Akakifunga kwenye ncha ya kanga yake, akakibana kifuani, akatoka.

Karatasi ya maelekezo ya matumizi ilikuwa mkononi mwangu. Bwana wa mradi alisema tuisome kwa sauti. Niliikunja nikaitia ndani ya daftari la mahudhurio. Nilijiambia watu wamechoka kukaa, nitaisoma Jumamosi. Siku ile sikutamka neno "kusoma" hata mara moja.

Mzazi mmoja tu hakuwapo. Alikuwa mtu wa bara aliyeletwa huku na kazi ya mkonge, na siku hiyo zamu ilimbana. Mwanawe alikuja kesho yake peke yake kuchukua kishikwambi, nami nilikuwa nafua. Nikampa mlangoni na mikono ya sabuni, nikamwambia, "Haya, kasome." Basi. Yeye hakusikia hotuba wala Fatiha.

Jumamosi ya kwanza walikuja walezi wenyewe. Hakuna mtoto aliyeaminiwa kukibeba. Vishikwambi vilifungwa kwenye kanga, vingine kwenye mito, na chumba kizima kikanukia udi, maana vilikuwa vinakaa kwenye masanduku ya nguo za sikukuu. Nikakichomeka cha kwanza kwenye sola. Kimejaa. Cha pili, kimejaa. Nikafungua kimoja kimoja, vyote vimejaa, na ile plastiki ya dukani bado iko juu ya kioo, haikubanduka hata pembe. Kile cha mtoto wa mkonge peke yake ndicho kilichokuja kimezimika, kina alama za vidole na punje za wali.

Nilielewa. Hakuna haja ya kujifanya hamnazo miaka yote hii. Nilielewa palepale, na karatasi ya maelekezo ilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Niliwatazama wale wazee wanaoniangalia wakitarajia sifa, nikawapa. Nikasema, "Ahsanteni, mmetunza." Jioni nikaandika ripoti ya mradi: vifaa viko katika hali nzuri sana, chaji inatosha. Tafuta uongo humo ndani, hutauona.

Siku chache baadaye yule binti alikuja kwangu. Nilikuwa nachambua mchele barazani. Akasimama mbali, kitambaa cha kanga usoni, kama walivyofundishwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Bibi hataki nikiguse. Kakifungia sandukuni, ufunguo kauvaa shingoni. Nimemwambia ndani kuna masomo, kasema hata kama kuna Kurani, amana haifunguliwi."

Nikaendelea na mchele wangu.

"Juzi kalala mchana, nikautoa ufunguo. Nimekifungua mara moja tu, mwalimu. Akaamka. Kanipiga. Kisha akalia yeye. Kaniambia mimi ni mwizi, na katika ukoo wetu hajapata kutokea mwizi."

Aliyasema hayo bila machozi, kama mtu anayesoma maelezo ya swali. Halafu akasema lililomleta.

"Njoo umwambie, mwalimu. Kwako atasikia. Mwambie ni halali."

Kutoka barazani kwangu hadi kwao ni mwendo wa kuchemsha chai. Ningeweza kuuacha ungo nikaenda naye. Lakini kichwani nilishaona mambo yatakavyokuwa: nikimwambia mmoja, wote watasikia. Masanduku yatafunguka, vishikwambi vitatoka, vitadondoka kwenye vichanja vya dagaa, vitaingia mchanga, watoto watagombania, na mimi nitakaa kuandika maelezo kwa kila kimoja. Nikamwambia, "Sawa, nitakuja kesho. Wewe mtii bibi yako."

Uso wake ukafunguka. Aliniamini kabisa. Akasema ahsante mwalimu, akakimbia.

Kesho yake nilipata pikipiki ya kunifikisha kivukoni, nikavuka, nikaenda zangu Nguvumali kwa wanangu. Nilikaa huko hadi shule zilipokaribia kufunguliwa. Kazi ya Jumamosi nilimwachia mlinzi wa shule, na haikuwa kazi, maana hakukuwa na cha kuchaji ila kile cha mtoto wa mkonge.

Na huko Nguvumali nilifanya nini? Nilimfundisha mwanangu. Nilimwekea masomo kwenye simu yangu, tukikaa mkekani asubuhi baada ya chai, ananiuliza namjibu. Siku moja ilikuwa asilimia. Nikachukua chapati, nikaikata, nikamwonyesha robo ni ngapi katika mia, nusu ni ngapi, mpaka akacheka kwamba ameelewa. Nilikuwa mwalimu mzuri asubuhi ile. Simu ilikuwa imeshapata ufa pembeni kwa kudondoshwa, wala sikumgombeza.

Shule zilipofunguliwa tukaambiwa tukimbize, muda umeliwa. Mada zilizokuwamo kwenye vishikwambi zihesabiwe zimefundishwa, tusonge mbele. Asilimia ilikuwa mojawapo. Mimi niliyejua kwamba darasa zima, isipokuwa mtoto mmoja, halikuwahi kuifungua, nilitia vema kwenye daftari la maandalio ya masomo nikaenda mada inayofuata. Kusema wazi kwamba hawakusoma ilikuwa kusema kwa nini hawakusoma.

Siku ya kurudisha, bwana wa mradi alikuja mwenyewe. Walezi walipanga foleni, wamevaa vizuri. Bibi wa yule binti alifungua kanga yake mezani pangu, taratibu, akakitoa.

"Mwalimu wangu, amana yako hino. Itazame mwenyewe. Haikupungua kitu, haikuchubuka."

Uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyetua mzigo. Mjukuu alisimama nyuma yake anatazama sakafu. Tangu nirudi kutoka Nguvumali hakuwa ameniuliza chochote, na hakuniuliza siku ile pia.

Mwisho wa foleni alikuja mtu wa mkonge na kishikwambi chenye ufa wa kutoka pembe hadi pembe. Akasema, "Samahani mwalimu, mtoto kasinzia nacho akisoma, kikadondoka." Nilimfokea. Mbele za watu wote, mtu mzima, tena mkubwa kwangu kwa umri, nilimfokea na kumwambia atazame wenzake walivyotunza. Nikampa karatasi aandike maelezo. Akaandika kwa shida, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, akatia sahihi na kuniomba radhi mara ya pili.

Bwana wa mradi alikuwa akivibonyeza kimoja kimoja. Nilimwona alipofika kwenye kile chenye ufa. Kilikuwa kimesomwa chote, kila somo, mpaka mazoezi ya mwisho. Akarudi kwenye vile vingine, akabonyeza, akabonyeza. Akaniinulia macho. Nikasema moyoni, haya, sasa imefika. Naapa kwamba nusu yangu ilikuwa inaomba aseme. Akatazama orodha yake, ambayo ilikuwa na sehemu mbili tu za kujaza, kizima au kibovu, akaandika kizima, kizima, kizima, hadi chini. Nadhani na yeye alikuwa na mtu wa kumwandikia maelezo.

Mtihani ulipofanyika, yule binti alitoka kwenye chumba akanikuta uwanjani. "Mwalimu, ile ya asilimia sikuijua. Hatukuisoma."

Nikamwambia, "Ilikuwamo kwenye kishikwambi."

Naandika sentensi hiyo nikiwa na haya mpaka masikio yananiwaka. Ilinitoka tu, kwa haraka, kama anayejikinga. Yeye aliitikia kwa kichwa, polepole, kama ninapomwonyesha alipokosea.

Matokeo yalipotoka hakuwamo kwenye orodha ya waliofaulu. Mtoto wa mkonge alikuwamo. Sisemi kishikwambi kingemfaulisha. Mtihani una maswali mengi, na mtoto aliyepigwa na kuitwa mwizi hakai darasani akiwa yuleyule. Ninalolijua ni kwamba aliniomba kitu kimoja, cha dakika tano, na nilikuwa nacho.

Bibi hakunilaumu. Hakujua kwamba kuna la kunilaumia. Alikuja kuniaga kwa heshima kwa niaba ya mjukuu, akasema ndivyo mtoto alivyoandikiwa, na kwa kuwa nilimhangaikia tangu darasa la tano akaniletea zawadi ya msala. "Kausuka mwenyewe. Ndo wake wa kwanza." Nilisali juu yake mara moja, nikaukunja. Sikuweza tena.

Pamoja na cheti, mradi ulinipa zawadi: kishikwambi kimoja kipya, cha kwangu mimi, kwenye boksi lake. Nilikipeleka nyumbani kwangu hapa kijijini nikakiweka juu ya kabati, na juu yake nikaweka msala ule. Sikutaka kuviona vyote viwili.

Mwaka huu bibi yake amefariki. Nilikwenda mazikoni, nikakaa na wanawake, nikamwona yule binti akihudumia watu maji. Amekuwa mwanamke mzima. Vidole vyake vimeingia rangi ya ukili wa mikeka, ile ya zambarau isiyotoka kwa sabuni. Nikakumbuka kwamba siku hizi mtu anaweza kusoma peke yake na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ufunguo wa sanduku hauna tena shingo ya kuvaliwa. Nikajiona mwerevu. Nilikaa siku chache nikipanga maneno, kisha nikapanda kiti, nikalishusha boksi na kwenda.

Nilimkuta mlangoni anasuka. Akainuka, "Shikamoo, mwalimu," akanipa kigoda. Nikamweleza yote niliyoyapanga: masomo ya jioni, mtihani, kwamba hajachelewa. Nikamnyooshea kishikwambi ndani ya boksi lake. Akapangusa mikono kwenye kanga, akakipokea kwa mikono miwili, kama bibi yake.

"Changu, mwalimu? Au amana?"

"Chako. Ni cha kusomea. Nilipaswa kuja kukwambia hivyo zamani."

Neno hilo la mwisho nalo nilikuwa nimelipanga. Akakitoa kwenye boksi, akakigeuza, akapitisha ukucha wa zambarau kwenye pembe ya kioo. Plastiki ikainuka. Akaivuta kidogo, akaacha, akairudisha chini na kuilaza kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawasawa.

"Kumbe hata wewe hukukifungua," akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na natamani ingekuwapo.

Akabonyeza kitufe. Akasubiri. Akabonyeza tena, muda mrefu zaidi, nami nikasema labda ni chaji, labda kikikaa kwenye umeme kitawaka, kimekaa sana bila kutumika. Nilikuwa naongea haraka. Yeye alikirudisha ndani ya boksi, akafunga kifuniko, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kanga.

"Chukua, mwalimu," akasema. "Kitazame mwenyewe. Hakikupungua kitu."

Nikakipokea kwa mikono miwili.